Matundu Kumi na Moja ya Mama Kaluza

Rosina Kaluza alifukiza barua kwa miaka miwili, na kabla ya hapo alifukiza mapaja ya nguruwe kwa miaka ishirini. Mwenyewe alisema kazi ni ileile, ila nguruwe hana anwani.

Kipindupindu kilipoingia Poland mwaka 1831, serikali yetu ya Prussia iliweka kizuizi mpakani hapa Grünwitz, ikaamuru kila barua itokayo mashariki itobolewe, ili moshi wa kuua ugonjwa uingie ndani, na kufukizwa kabla haijaguswa na mtu yeyote wa maana. Mkuu wa posta, Bwana Pohlmann, aliwauliza watu wa maana mmoja mmoja kama wangeipenda kazi hiyo. Wote walikuwa na maumivu ya mgongo. Ndipo akamkumbuka mjane mwenye banda la moshi.

Banda likafungwa kwa soseji na kufunguliwa kwa barua. Mama Kaluza akapewa koleo refu, gunia la salfa na kibao cha kutobolea: mbao mbili zinazofumbana kama kitabu, na ndani misumari kumi na miwili, mistari mitatu ya minne minne. Wiki ya kwanza tu msumari mmoja wa pembeni uling'okea kwenye lakiri, ile nta ngumu ya kufungia barua, ya jenerali fulani. Akaomba mwingine. Berlin ikajibu kwamba ombi limepokelewa, na hadi leo bado limepokelewa. Akaendelea na kumi na mmoja.

Mteja wake mkubwa alikuwa Daktari Balthasar Wendrich, ambaye asubuhi alitibu watu bila raha na mchana alichunguza mimea kwa raha zote. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akiandikiana na mtaalamu mwenzake wa upande wa pili, Ignacy Wolan wa karibu na Lublin. Hawakuwahi kuonana. Hata hivyo Wendrich alijua goti gani la Wolan linauma mvua ikikaribia, na mbwa wake watatu wanaitwa nani. Mke wake Wendrich mwenyewe alikuwa na magoti mawili, wala hakuna aliyeyauliza hali. Waliandikiana kwa Kilatini, lugha ambayo ni vigumu kutukana nayo kwa haraka. Labda ndiyo maana walipatana.

Kanuni ilisema chochote kilichomo ndani ya barua kisicho karatasi kichomwe. Mama Kaluza alishawahi kuchoma jani moja la Wolan, na daktari akasimama kwenye dirisha la banda akiutazama moshi kama mtu aliyefiwa. Kwa hiyo masika yaliyofuata, koleo lilipobana barua nene na ndani kukasikika kitu kikavu kikichakarika, alijifanya hakusikia. Akatoboa, akafukiza, akapitisha.

Wiki nyingi baadaye daktari alifika dirishani, uso mwekundu, barua mkononi.

"Mama Kaluza, kuna kitu kutoka kwa yule mwongo?"

"Mwongo yupi, Daktari? Hapa hupita barua za waongo watupu."

"Wolan! Alinitumia jani la kinamasini, akasema nilitazame vizuri, sijawahi kuona kama hilo. Nikalitazama. Lina madirisha, mama! Matundu, yamepangika kama askari! Nikamsifu. Anajibu nini? Ati jani lake halina tundu hata moja, nikanunue miwani. Anataka kuuficha ugunduzi autangaze peke yake! Hii ndiyo barua yangu ya mwisho kwake. Inapanda gari la posta la saa nane."

"Matundu mangapi?"

"Kumi na moja. Mistari mitatu, na pembeni nafasi moja tupu. Maajabu ya uumbaji, wewe huwezi kuelewa."

Msije mkamwona daktari mjinga. Kila barua aliyoisoma mwaka ule ilikuwa na matundu, na mtu akizoea kusoma kwa kuyaruka, mwisho hayaoni. Lakini Mama Kaluza aliyaona. Akiyasema, amekiri mwenyewe kwamba amevunja kanuni, na baridi ijayo hana kazi wala soseji. Akinyamaza, miaka kumi na minane inapanda gari la saa nane.

Alitoka nyuma ya banda, akakata jani la kabichi, akalifumba ndani ya kibao, akakandamiza. Kisha akampitishia daktari dirishani kwa koleo, kama sheria inavyotaka.

Daktari aliligeuza jani huku na huku. Macho yakamng'aa.

"Kumbe hata kabichi!"

"Daktari," alisema Mama Kaluza, "hebu kaa chini."

Akafungua kibao, akamwonyesha misumari. Daktari alihesabu kwa kidole hadi kwenye ile nafasi tupu, kisha akakaa kweli, juu ya gunia la salfa.

"Nimekwisha kumwita mwizi, katika barua ya wiki iliyopita," alisema.

"Kwa Kilatini?"

"Kwa Kilatini."

"Labda hataelewa."

"Ataelewa. Kilatini chake ni kizuri kuliko changu." Akaikunja ile barua ya mwisho mpaka ikawa donge. "Lakini mama, ungeweza kunyamaza. Pohlmann akijua uliliachia jani, atakufukuza."

"Pohlmann yuko nyuma yako."

Kweli alikuwapo. "Nimesikia yote!" alisema mkuu wa posta. "Jani! Kutoka kwenye kipindupindu! Mama Kaluza, nipe koleo, nenda nyumbani."

"Chukua, bwana mkubwa," alisema Mama Kaluza, akamnyooshea koleo likiwa limebana barua ya Warszawa. "Angalia tu, hiyo bado mbichi, haijaonja moshi."

Pohlmann alirudi nyuma hatua tatu, na katika hatua ya nne akakumbuka kwamba kanuni inaruhusu onyo. Onyo likatolewa kwa sauti kubwa, kutoka mbali: kuanzia leo hakuna jani litakalopita.

Wala halikupita. Mama Kaluza aliyachoma yote yaliyofuata, na kila mara alifunga dirisha kwanza.

Wendrich alirudi nyumbani, akaligeuza jani la Wolan upande wa chini kwa mara ya kwanza, na huko akakuta vinyweleo vya rangi ya fedha, vidogo sana, ndivyo Wolan alivyotaka avione tangu mwanzo. Akaandika kuomba radhi, akatia ndani ile kabichi. Ilifika salama, maana barua za kwenda mashariki hazikutobolewa. Serikali haikuona haja ya kuwakinga watu walioumwa tayari.

Jibu lilikawia hadi mavuno. Mama Kaluza alilitoboa kama mengine. Daktari akalifungulia palepale dirishani. Wolan alikuwa amechora jani kwa wino, kila mshipa mahali pake, mishipa ikipita katikati ya matundu kumi na moja ambayo nafasi zake alizipima kwenye ile kabichi.

"Anasemaje?" aliuliza Mama Kaluza.

"Anasema jani amelichora yeye," alisema daktari. "Matundu anakuachia wewe."