Redio Niliyoifuta Ukutani

Kila nikilowanisha udongo wa picha zangu hapa Makambako, harufu yake hunirudisha jikoni kwetu Njombe, nikashukuru kabla hata sijaanza kuchora.

Siku moja nikiwa mtoto, mama alikuwa amepaka ukuta wa jiko udongo mweupe. Nikamchora kwa mkaa: mdogo wangu mgongoni, kuni kichwani, jembe mkononi. Baba nikamchora amekaa na redio. Mama alipoiona picha akashtuka, akachukua kitambaa. Lakini baba alikuwa ameshaingia. Aliitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Usiifute," baba alimwambia mama. Kisha akanigeukia. "Na wewe uko wapi?"

Akanipa mkaa. Nikajichora kando ya mama.

Asubuhi, ukungu haujaondoka, baba alichukua ndoo akaenda mtoni. Nikaifuta redio kwa kiganja, nikamchorea ndoo.