Nukta na biskuti chafu

Saa mbili kasorobo asubuhi. Ghorofa ya pili, chumba cha mwisho kushoto, wenzake bado wanapapasa mifukoni kutafuta funguo, Nukta ameshaketi kazini. Taa haijawashwa. Yeye haihitaji, na wenye macho watajiwashia wenyewe wakifika.

Mbele yake kuna kifaa chenye ukubwa wa kitabu cha darasani. Hakina kioo. Kina vitufe sita, kimoja kirefu cha nafasi, na chini yake mstari wa vijumba thelathini na viwili ambamo pini ndogo huinuka na kushuka, zikiunda herufi za nukta nundu, maandishi ambayo wasioona huyasoma kwa vidole.

Anabonyeza vitufe vyote sita kwa mpigo mmoja.

"Hiyo," anasema, "ndiyo herufi iliyotaka kuniondoa kwenye meza hii."

Nukta ni jina la utani alilobandikwa na wenzake katika ofisi hii ya tafsiri, na amelizoea kiasi kwamba ukimwita jina la cheti cha kuzaliwa hageuki. Ana miaka thelathini na minne, haoni tangu akiwa na miaka sita, na ndiye mfasiri wa Kifaransa. Kabla ya kuipata kazi hii aliandika barua kumi na saba za maombi. Zilizojibiwa ni tatu, na mbili kati ya hizo zilimpa kazi ya kupokea simu.

"Simu si kazi mbaya," anasema. "Lakini hakuna aliyeniuliza kama naipenda. Kipofu? Mpe simu. Basi, wameshamaliza kufikiri."

Jibu la tatu lilitoka kwa Mkurugenzi wa ofisi hii, mwanamume mwenye sauti nzito na subira nyepesi. Alimpa miezi mitatu ya majaribio, na kazi ya kwanza ikawa lebo ya kiwanda kilichotaka kuuza biskuti za chumvi ng'ambo. Kwa Kifaransa, "biscuits salés". Mwanafunzi wa wiki ya pili analiweza.

Shida ilikuwa ile é. Kwa anayeona, hiyo ni e yenye kistari kichwani. Kwa nukta nundu za Kifaransa, ni herufi inayojitegemea, yenye nukta zote sita. Nukta aliibonyeza kama alivyofundishwa shuleni, akapitisha kidole, akazikuta nukta sita zimesimama wima. Akatuma kazi bila wasiwasi wowote.

Kumbe kifaa kilikuwa kimepangwa kwa Kiingereza, na katika nukta nundu za mkato za Kiingereza, nukta hizo sita ni neno zima: "for". Kilichotokea kwenye kompyuta ya mhakiki ni "biscuits salfors".

"Mimi nilidhani ni dawa ya minyoo," anasema mhakiki huyo, mama wa makamo ambaye ofisi nzima inamwita Shangazi.

Mkurugenzi akataka kosa lirekebishwe kabla ya adhuhuri. Jasho likimtoka, na kwa kuwa kifaa hakikumpa é, Nukta akaweka e ya kawaida, isiyo na kistari. Shangazi, bingwa wa Kiswahili ambaye Kifaransa chake ni cha kuombea maji, akaipitisha. Sasa lebo ilisomeka "biscuits sales". Maana yake, kwa Kifaransa safi kabisa, ni biskuti chafu.

Mnunuzi wa ng'ambo alipoletewa sampuli alicheka hadi akapaliwa. Mwenye kiwanda hakucheka.

"Alinipigia akauliza nani kaniambia biskuti zake ni chafu," Mkurugenzi anakumbuka. "Nikamwita Nukta nikamwambia, mwezi ukiisha hiyo é haijatokea, meza ya simu pale chini iko wazi."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa.

"Nyumbani alikuwa hata chakula hamalizi," anasimulia mama yake, anayeishi naye. "Anakula vijiko viwili, anarudi kwenye kidude chake. Nikamwambia, mwanangu, kiendee polepole kama unavyochambua mchele. Maana huyu tangu mdogo ndiye mchambuaji wangu. Mimi na macho yangu naacha mawe. Yeye, sijawahi kutafuna jiwe katika mchele wake."

Akauchambua mwongozo wa kifaa, kurasa mia mbili na kumi na nne, mstari kwa mstari. Siku ya kumi na tatu alikuta kwamba ndani ya kifaa mna majedwali ya lugha mbalimbali, yamelala tu, hakuna aliyewahi kuyaamsha. Kila jedwali hukiambia kifaa nukta fulani zigeuzwe herufi gani. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali: nukta zilezile sita, Kiingereza kinapika "for", Kifaransa kinapika é.

Kesho yake alimwita Shangazi amsomee kwenye kompyuta.

"E yenye kistari," Shangazi akasema.

"Kimelalia upande gani?"

"Kinapanda mlima, mwanangu. Kinaelekea juu kulia."

Nukta alipiga meza kwa furaha mpaka chai ya Shangazi ikamwagika. Kiti chake kikapona, na hapo tu pangetosha kushukuru.

Lakini miezi minne baadaye kile kiwanda kilirudi, safari hii na lebo ishirini na nne. Mchoraji wa kiwanda aliyaandika upya maneno yote ili yakae vizuri kwenye pakiti, akayarudisha yahakikiwe. Mkurugenzi akasoma, akatia saini. Shangazi akasoma, akatia saini. Pakiti elfu arobaini zilikuwa zianze kuchapwa saa nane mchana. Nukta alipewa nakala kwenye kifaa chake, kama Mkurugenzi anavyokiri mwenyewe, "ili asijisikie ametengwa."

Kwenye lebo ya kumi na tisa kidole chake kilisimama. Kilikuta nukta mbili mahali palipotakiwa sita.

Kwa jicho, e na é ni ndugu wawili, mmoja kavaa kofia. Kwa kidole hawana hata undugu. "Jicho linasamehe," anasema Nukta. "Kidole hakisamehi. Lile lilikuwa jiwe kwenye mchele."

Saa saba na dakika arobaini ofisi nzima ilisikia: "Mkurugenzi! Biskuti chafu zimerudi!"

Mkurugenzi alishuka ngazi mbili mbili hadi kwenye meza ya simu, akawasimamisha wachapaji zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili.

"Wote tuliokuwa na macho tulipitwa," anasema. "Nilimtisha mtu kwa kosa ambalo mimi mwenyewe nilikuja kulitilia saini. Nimemwomba radhi mbele ya kila mtu. Na siku ile aliyeishia kwenye simu nilikuwa mimi."

Leo muhuri wa IMEHAKIKIWA unakaa kwenye droo ya Nukta. Hakuna ukurasa wa Kifaransa unaotoka bila yeye kuupitia, na mshahara wake umepanda kwa theluthi. Wageni wanaoingia wakidhani ndiye wa kupokea simu hurudishwa na Shangazi kwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa.

Kuanzia mwezi ujao, kila Jumamosi, atafundisha hapahapa wasioona sita ambao vifaa vyao vina majedwali yaliyolala kama lake lilivyokuwa. Chumba kimetolewa na Mkurugenzi. Baada ya hapo anataka kujifunza Kijerumani.

"Wengine wataitwa wakapokee simu," anasema. "Waende wanaopenda. Wasiopenda nataka wawe na jibu."

Anafungua droo, anatoa pakiti ya biskuti na kumnyooshea mwandishi. Ni lebo ya kumi na tisa. Wino wa dukani hauna nundu, kwa hiyo kitu hiki kimoja hawezi kukihakiki mwenyewe. Kila mgeni lazima amwangalizie.

"Kistari kipo?"

"Kipo."

"Basi kula," anasema Nukta. "Ni safi."