Mtu wa Kumi na Sita

Majina yalisomwa Jumamosi, tulipotoka kwenye shamba la pamoja. Katibu wa michezo wa tarafa alisimama kwenye ngazi ya ghala la kijiji, akakunjua karatasi, akasema hao ndio kumi na sita wa kombaini itakayocheza Ikungi dhidi ya kombaini ya upande wa Manyoni. Golikipa wetu alisomwa wa tatu, tukampigia makofi. Majina yakaendelea. Yalipofika kumi na mbili nilianza kujipangusa vumbi kwenye suruali, ili nikiitwa mbele nitoke nikiwa safi. La kumi na sita lilikuwa la sentahafu, na sentahafu wa kijiji chetu nilikuwa mimi, tangu tulipohamia pale na kuanza kujenga.

Likasomwa jina la mwingine.

Mwingine huyo alikuwa Mnyiramba kutoka Misigiri, aliyekuja mwaka ule kukaa kwa mjomba wake. Alikuwa mrefu, mpole, miguu imemkauka kama ya mbuzi dume, na alicheza peku kwa sababu njumu zilimbana. Tulipokezana nafasi ile: mimi kipindi cha kwanza, yeye cha pili. Mimi nilidhani napumzishwa. Kumbe kuna watu walikuwa wanatupima.

Katibu alikuwa hajamaliza. Alisema kamati imeamua kwamba mchezaji wa kombaini ni mfano kwa wananchi, na wakati ule nchi nzima ilikuwa darasani, wazee kwa vijana. Kwa hiyo kila mchezaji ataandika jina lake mwenyewe kwenye fomu, kwa kalamu, mbele ya kamati, baada ya wiki tatu. Atakayetaka kuweka dole gumba hatasajiliwa, na nafasi yake itachukuliwa na wa akiba. Kisha akanitazama. "Wa akiba kwa sentahafu ni mwalimu wetu hapa."

Waliniita mwalimu kwa sababu nilifundisha kisomo cha watu wazima, alasiri tatu kila wiki, katika darasa moja la shule ya msingi. Na yule Mnyiramba alikuwa mwanafunzi wangu. Hakujua kuandika hata silabi moja ya jina lake.

Jumatatu niliwakuta watu kwenye foleni ya mashine ya kusaga wakibishana juu ya jina hilo moja. Yale kumi na tano ya mwanzo hakuna aliyeyagusa.

"Mtu wa kumi na sita ni wa benchi," alisema fundi wa mashine, ambaye alikuwa upande wangu. "Kama ni wa benchi, mpe mzoefu. Siku beki akiumia unamwingiza nani? Mgeni asiyejua hata wenzake wanaitwaje?"

"Benchi ndiyo mahali pa kumjaribu mgeni," mzee mmoja alimjibu. "Huyu mwalimu tumemwona miaka yote. Amefika alipofika."

"Sentahafu si kuruka, mzee. Sentahafu ni kupanga watu. Mwalimu anapanga. Anapiga kelele mpaka golini wanasikia."

"Kelele tunaisikia. Mpira je?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimefika nyuma yao na debe langu la uwele, nikajifanya natafuta kamba. Ndipo mama yangu, aliyekuwa mbele kabisa ya foleni, akageuka. Mama alikuwa hakosi mchezo. Alikaa upande wa goli letu, miguu ameinyoosha, anasuka ukili, na hakuna kilichompita.

"Mwanangu anasubiri mpira umfikie," alisema. "Yule anaufuata. Mimi ningekuwa kamati ningefanya hivyo hivyo."

"Mama, hata wewe?" fundi akashangaa.

"Mmeniuliza mpira, hamkuniuliza uzazi."

Alisema bila ubaya wowote, kisha akageuka kupokea unga wake. Sijui kama alijua nipo. Nilibeba lile debe mpaka nyumbani bila kusaga, na njiani nilikuwa najibizana naye peke yangu kwa sauti.

Nilijua wivu kabla ya hapo, lakini ulikuwa wivu wa kupita, wa mtu kupata shati jipya. Huu ulikaa. Nilikuwa nikimwona yule kijana anachota maji, naona jinsi wanawake wanavyompisha, nakasirika. Alinisalimia kwa heshima, "Shikamoo mwalimu," ingawa tulipishana miaka michache tu, nami niliitikia marahaba huku nikiona kama ananidhihaki. Usiku sikuota nikicheza vizuri. Niliota yeye akiteleza.

Darasani nilikuwa na kitabu cha kufundishia, na kitabu kile kilikuwa na mpango wake: irabu kwanza, kisha silabi moja baada ya nyingine, somo baada ya somo. Herufi mbili za jina lake zilikuwa karibu na mwisho. Mwalimu mwenye nia njema angeziruka mbele, amwandikie jina lake kwenye kipande cha karatasi na kumwambia alinakili mpaka mkono uzoee. Wengine niliwafanyia hivyo. Bibi mmoja nilimfundisha jina lake siku ya pili tu, kwa sababu alitaka kulitia kwenye mtungi wake kama alama. Kwa yule kijana nilifuata kitabu. Nilijiambia kwamba taratibu ni taratibu.

Alinyoosha mkono, "Mwalimu, naomba nije ubaoni." Nilimwita aliyekaa nyuma yake. Siku iliyofuata alinyoosha tena, nikamwita aliyekaa pembeni. Alinyoosha mkono ule mrefu uliokuwa unaondoa mipira ya kona, na mimi nikajifunza kutazama darasa zima bila kuuona.

Wiki ya pili alinisubiri mlangoni baada ya kisomo. Alikuwa amebeba vitunguu kwenye kikapu.

"Mwalimu, hivi ni vya mama. Mpelekee tafadhali." Akasita. "Na mimi naomba, kama una nafasi, unioneshe jina langu. Siku zimebaki chache."

"Tutalifikia," nilimwambia. "Mambo haya hayataki haraka. Ukiruka, utasahau yote."

"Sawa, mwalimu."

Alishukuru. Jambo lililoniuma baadaye ni hilo, kwamba alishukuru. Nilifika nyumbani, nikampa mama vitunguu, nikasema vimetoka kwa jirani.

Siku ya kusajili, tulikwenda Ikungi kwa lori la ushirika, juu ya magunia ya alizeti. Golikipa alikwenda, yule kijana alikwenda, na mimi nilikwenda kama mtu wa akiba. Nilikuwa nimefunga njumu zangu kwenye kitambaa, nimezipaka mafuta. Kijana alikaa karibu yangu. Kidole chake cha shahada kilikuwa kinatembea juu ya paja, kinazunguka, kinashuka, kinapanda. Nilidhani ni woga.

Kamati ilikaa nyuma ya meza ndefu kwenye ukumbi wa mikutano, milango wazi, watu wamejaa madirishani. Ilikuwa siku ya mnada, kwa hiyo hata wauza mbuzi walikuja kutazama wachezaji wakiandika. Golikipa aliandika upesi, akapigiwa makofi. Winga mmoja wa kijiji kingine alitoa dole gumba, akasema mkono unamuuma. Akaondolewa pale pale. Watu walizomea, wengine wakalia na kamati kwamba mguu ndio unaofunga goli, si kalamu. Moyo wangu ulikuwa unapiga kwa furaha mbaya. Nilianza kufungua kitambaa cha njumu.

Wa kumi na sita akaitwa. Aliinama juu ya fomu, mgongo umepinda kwa urefu wake, akashika kalamu kama mtu anayeshika sindano. Aliandika herufi ya kwanza, akaitazama, akaandika ya pili. Alichukua muda mrefu hata mjumbe mmoja akapiga miayo. Nilisogea mpaka nikaiona karatasi. Jina lake lilikuwa pale, lote, pamoja na la baba yake, kubwa, limeinama kidogo upande wa kulia, na zile herufi mbili za mwisho wa kitabu zilikuwa mahali pake.

"Vizuri sana," katibu alisema, akanigeukia. "Hongera, mwalimu. Hii ni kazi yako."

Watu walipiga makofi, na baadhi yao walinipigia mimi. Yule kijana naye aligeuka akanipigia makofi. Nilifunga tena kitambaa changu.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa juu ya paa bapa la tembe, anageuza mtama ulioanikwa. Nilisimama chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ameandika?"

Basi nikajua. Lakini nikauliza hata hivyo. "Nani kamfundisha?"

"Mimi. Hapa juu. Nilikuwa namwandikia kwenye mtama kwa kidole, anafuta, anaandika. Asubuhi, wewe ukiwa shamba." Mama alikuwa amemaliza kisomo changu mwaka uliotangulia, lakini bado alikuwa akija darasani kwa kupenda tu, na alikaa benchi moja na yule kijana. "Wewe ulinifundisha mimi, mimi nikamfundisha yeye. Kuna ubaya?"

Niliinama nikaanza kuokota punje zilizodondoka chini.

"Wiki tatu nimekaa naye," alisema. "Mkono wake uko juu, macho yako yanafika kwangu, yanamruka, yanakwenda kwa mwingine. Ulidhani mimi natazama ubao tu?"

"Mama, ile nafasi ilikuwa yangu."

"Ungemnyang'anya uwanjani, ningekupigia vigelegele mpaka koo likauke." Akarudi kugeuza mtama. Hakunisema tena, siku ile wala nyingine. Mama yangu alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja.

Mchezo ulichezwa Jumapili mbili baadaye. Sikutaka kwenda, nikaenda. Kijiji kizima kilikwenda, kwa miguu na kwa lori. Kijana alikaa benchi mpaka katikati ya kipindi cha pili, sentahafu wa kwanza wa kombaini yetu alipochechemea. Alipoingia, fundi wa mashine alinishika bega akasema, "Sasa utaona." Alitarajia kumwona akiharibu, na mimi nilitarajia hivyo kwa nguvu zaidi yake.

Mpira wa kwanza ulimpita. Nilisikia sauti ikitoka kwangu, si neno, ni sauti tu. Lakini akaufuata, akamfikia mshambuliaji pembeni, akautoa nje bila kumgusa mtu. Baada ya hapo aliondoa kona tatu kwa kichwa. Matokeo yalikuwa sare ya bao moja kwa moja, na wakati wa kurudi walimbeba kwenye lori akiwa amekaa juu ya magunia kama bwana harusi. Mama alikuwa anapiga vigelegele. Nilirudi kwa miguu, nikiwaambia watu lori limejaa.

Nilimweleza yule kijana ukweli mvua za kwanza ziliponyesha. Tulikuwa tumepangwa mstari mmoja kwenye shamba la pamoja, yeye anachimba mashimo, mimi natupia mbegu. Nilisema haraka, nikitazama chini. Kwamba nilimruka makusudi. Kwamba nilitaka ashindwe ili niende mimi.

Aliacha jembe. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari kupigwa; labda ningefarijika.

"Kumbe ni hivyo," alisema. "Mimi nilidhani ni kwa sababu akili yangu nzito. Nilisema, mwalimu ameona huyu hafundishiki, anaona aibu kuniambia. Nilikuwa nataka kuacha kisomo. Mama yako ndiye aliyenizuia."

Hakuwa amekasirika kama nilivyotaka. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo, na hilo lilikuwa baya kuliko ngumi. Wivu wangu niliuona siku zote kama kitu cha mpira, kati yangu na nafasi yangu. Sikuwa nimefikiri kwamba kule upande wa pili kulikuwa na mtu mzima anayerudi kwa mjomba wake kila alasiri akiamini yeye ni mjinga.

"Najua herufi za jina langu tu," alisema akiokota jembe. "Zilizobaki sizijui. Utanifundisha?"

Nilimfundisha. Tulianza ukurasa wa kwanza wa kitabu, nikamwita ubaoni kila alasiri mpaka wenzake wakalalamika kwamba nampendelea. Msimu uliofuata niliiomba kamati ya kijiji inihamishie nafasi ya beki wa kulia, nikacheza karibu naye miaka mitatu. Nilikuwa namfokea uwanjani kuliko ilivyohitajika. Watu waliona ni uongozi. Alipofaulu mtihani wa kisomo, aliniletea barua aliyomwandikia mama yake huko Misigiri, ili niikague kabla hajaituma. Makosa yalikuwa mawili. Niliyasahihisha, nikaisoma tena tangu mwanzo, na nikaona mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Nilimwambia hivyo. Ilinichukua muda kidogo kulitamka, lakini nilimwambia.