Fotokopi ya Upande Mmoja

Kazi ya kuunda amplifaya ya madrasa niliiomba mwenyewe, kwa mdomo wangu huu. Kamati ya Maulidi ilitaka kukodi vyombo vya muziki Dar. Shangazi yangu, anayeongoza kaswida za akina mama, akasimama kuniunga mkono: "Mwanangu anasomea hayo mambo. Atatengeneza yeye." Basi heshima yake ikawa mikononi mwa mtu aliyeacha shule kidato cha pili akisema anapumzika kidogo. Mpaka leo napumzika.

Kusomea kwenyewe ni Jumamosi asubuhi, darasa la mafundi hapa Bagamoyo. Siku hiyo mwalimu alichora transista, akaifuta, mahali pake akaweka rezista moja na kiduara chenye mshale. "Kwa sauti ndogo, transista ndiyo hii." Nikawa naitafuta ile miguu mitatu kama aliyeibiwa kandambili msikitini. Lakini nikaelewa, wallahi. Mchoro wa kazi ya transista umepinda, ila ukitumia kipande kifupi unaupigia hesabu kama umenyooka. Barabara ya Kerege si ndiyo hivyo? Hatua mbili tatu unaiona imenyooka, kona ziko mbele.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo sauti ndogo ni ndogo kiasi gani?"

"Ndogo ni ndogo, bwana. Huko kidato cha pili hukufundishwa udogo?"

Darasa likacheka. Na mimi nikacheka, tena kuwashinda wote. Hilo ndilo linaloniuma.

Nikapiga hesabu, nikaunga. Nyumbani nikaijaribu kwa kunong'ona, "alo, alo", maana nawaonea haya majirani. Ikatoka safi.

Siku ya Maulidi shangazi akashika maiki. Yeye miaka yote kaimba bila maiki, sauti inavuka ukuta. Akaibandika mdomoni, akafungua koo. Amplifaya ikakwaruza kama mbuzi ya kukunia nazi. Madufu yakanyamaza.

"Umenitia mchanga kooni, mwanangu?" akaniuliza mbele ya watu. Akaweka maiki chini, akaimba kwa koo lake mpaka mwisho, sauti ikamkauka.

Jumamosi iliyofuata nikaikuta karatasi ya somo ya mwalimu mezani. Sisi tulipewa fotokopi, upande mmoja tu. Nikageuza karatasi yake. Nyuma, mstari wa kwanza kabisa: hesabu hii inafaa iwapo kinachoingia hakizidi milivolti kumi hivi. Sauti ya shangazi kwenye maiki nilikuja kuipima baadaye: milivolti sitini! Mstari mmoja. Mwalimu angeusoma kwa sauti, angekufa? Nikamwonyesha.

"Aah, huo ni wa wanaofanya mtihani," akasema, akaendelea kufuta ubao.

Nikarudi nyumbani na hasira zangu. Nikaongeza rezista moja chini ya emita, mmoja wa ile miguu mitatu. Nguvu ikapungua, mikwaruzo ikaisha. Kazi ya dakika kumi, na kukosekana kwake ndiko kulikomvunjia mama wa watu heshima yake.

Akaijaribu sebuleni kwake, maiki mdomoni vilevile. Safi. "Sasa huyu ndiye mimi," akasema. Nikakimbilia kwa mwenyekiti wa kamati.

"Aa, kijana. Tumeshaongea na watu wa Dar, mwakani wanakuja wao."

Kwa hiyo mwakani shangazi ataimba kwenye maiki ya watu. Mimi nitakuwa jamvini na pilau yangu, nimenuna, na asije mtu akaniambia niongeze nyama.