Tairi Zenye Meno

Nesi Jagoda Uzelac alikuwa na hasira za karibu, na mji mzima ulijua. Alikuwa na haki nazo. Kwa miaka kumi na tisa alipanda basi la asubuhi kila baada ya siku mbili, baiskeli yake ndogo ya kukunja, aina ya poni, ikiwa imekunjwa katikati ya magunia ya viazi kwenye buti. Dereva alikataa baiskeli nyingine zote, lakini poni hukunjika kama kiti cha sherehe, na magurudumu yake hayafiki hata gotini. Lami ilipoishia, alishuka, akaikunjua, akakaza skrubu ya bawaba, akaning'iniza begi la dawa mbele, kisha akapanda kilomita sita za kokoto hadi Krčevina, kijiji cha nyumba kumi na moja.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mzee Dane Vukelić. Mzee alikuwa na kisukari na kidonda kwenye mguu wa kushoto, kidonda kisichotaka kupona wala kuoza mradi kisafishwe kila baada ya siku mbili. Ratiba ikivurugika kwa wiki chache, mguu ungekwenda. Daktari alisema hivyo, Jagoda alisema hivyo, na Dane mwenyewe alilijua hilo, ingawa alipenda kusema angali na mwingine wa akiba.

Majira yale ya kuchipua, tairi za poni zilikwisha hadi nyuzi zikaonekana. Zahanati ilitakiwa kununua mpya. Jagoda akaandika anachotaka kwenye karatasi, mistari mitatu, akampa Mladen Brkić wa ugavi. Siku mbili baadaye wakakutana dukani kwa fundi Tomo, na Mladen alikuwa tayari ameshachagua.

"Hizi hapa," alisema, akipigapiga tairi lenye meno marefu kama punje za mahindi. "Za mlimani hizi, sista. Kwa hizi utapanda hadi kwenye paa la kanisa!"

"Mimi naenda Krčevina, siendi kwenye paa. Nilikuandikia: pana, vidole vitatu, meno mafupi. Ulisoma au ulifungia jibini?"

"Nilisoma, mama. Lakini kokoto ni kokoto. Inataka meno."

"Umewahi kufika kule?"

"Nimeona picha."

Fundi Tomo akaweka spana chini. "Bwana Mladen, nesi anajua anachosema. Gurudumu dogo hivi linatumbukia kwenye kila kishimo ambacho kubwa linakipita tu. Linataka tairi nene, lenye upepo wa kiasi, limeze mtikisiko. Meno haya yataokota jiwe yalipeleke juu, chini ya madigadi. Tazama nafasi iliyobaki. Kidole hakipiti."

"Si uyatoe madigadi?"

"Na matope yakirukia bandeji," akauliza Jagoda, "utakuja kuzifua wewe?"

Mladen akacheka, akaweka sahihi. "Nesi, wewe dunga sindano. Tairi tuachie wanaume."

Jagoda aliyarudia maneno hayo kwa hasira njia nzima hadi nyumbani. Alijilaumu baadaye kwamba hakuzitupa tairi zile barabarani siku ileile. Lakini za zamani zilikuwa zimekwisha, Dane alikuwa anasubiri, na mtu mwenye mgonjwa hana nafasi ya kususa.

Wiki ya tatu, akiteremka kutoka kwa Dane, gurudumu la mbele lilikwama ghafla. Jagoda akarushwa juu ya usukani, akatua kwa mkono wa kulia, na mfupa wa kiwiko cha mkono ukavunjika. Alipoketi akaona kilichotokea: jiwe la ukubwa wa jozi lilikuwa limebanwa baina ya meno na madigadi, kama Tomo alivyosema. Alilitukana jiwe, akamtukana Mladen, kisha akatembea kilomita tatu akisukuma baiskeli kwa mkono wa kushoto.

Ripoti ya Mladen ilikuwa fupi. Ajali imesababishwa na ubovu wa barabara. Krčevina haifikiki kwa chombo chochote chenye magurudumu. Huduma imesitishwa. Kuhusu tairi, hakuna hata neno moja. Jagoda aliisoma mkono ukiwa kwenye plasta, akaenda ofisini na kudai apelekwe nesi mwingine. Akajibiwa kwamba haiwezekani kumtuma mtu mahali pasipofikika. Alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, akipiga kelele hadi wagonjwa wakatoka kwenye foleni kuchungulia. Jibu likawa lilelile.

Kila jioni alimpigia Dane simu.

"Kinakauka, binti yangu. Naosha kwa rakija. Kidonda kimelewa, mimi ndiye nashinda mkavu."

Siku plasta ilipotolewa, alikwenda moja kwa moja kwa Tomo. Fundi alikuwa amemwekea tairi pana zenye vijino vifupi. Akazifunga, akatoa upepo kidogo kidogo hadi tairi likabonyea chini ya dole gumba. Kesho yake Jagoda akapanda basi bila kumwomba mtu ruhusa. Kokoto zikapita chini yake kwa mlio wa chini, laini, na hakuna jiwe hata moja lililopanda. Furaha yake ndiyo iliyomtia uchungu: kumbe njia ilikuwa rahisi kiasi hicho.

Harufu ilimpokea kabla ya mlango. Mguu ulikuwa mweusi hadi juu ya kifundo.

"Ulinidanganya, babu!"

"Ungekuja na mkono mbovu," alisema Dane. "Nakufahamu."

Jagoda akapiga simu kuita gari la wagonjwa. "Krčevina?" sauti ikauliza. "Hapa pameandikwa haifikiki kwa magurudumu."

"Mimi niko hapa! Nimekuja na magurudumu ya inchi ishirini! Gari lenu lina ya mbao?"

Walibishana, wakaulizana, wakampigia mkurugenzi. Gari lilifika baada ya saa mbili, bila shida yoyote njiani. Mguu ulikatwa juu ya goti.

Hospitali ilirudisha faili pamoja na fomu ya kujazwa na nesi wa eneo. Mladen akaja kusimama mlangoni, safari hii bila kicheko.

"Sehemu ya sababu ya kuchelewa," alisema, "andika barabara tu, sista. Sote tunaijua barabara ile."

Jagoda alikuwa ameshajaza. Akamsogezea karatasi.

"'Tairi'?" Mladen akasoma. "Huwezi kuandika tairi kwenye faili la mgonjwa!"

"Soma na mstari wa chini."

Chini yake alikuwa ameandika aliyezichagua: Mladen Brkić, na jina la baba yake pia, asije akadhaniwa ni Mladen mwingine.