Simbilisi wa Mke wa Mwenye Duka

Wiki iliyopita mjukuu wangu alinionyesha mnyama wake, anaitwa hamsta, kapanya kanono kanakoishi kwenye kizimba na kunywa maji kwenye kichupa muda wowote kanapotaka. "Bibi, mshike," akaniambia. Nikasingizia mgongo. Ukweli ni kwamba nilimkumbuka mnyama mwingine.

Enzi za Mwingereza tuliishi Mkonze, nami nilisoma Dodoma mjini. Njiani palikuwa na duka la Mhindi, na mke wa mwenye duka alifuga simbilisi, mnyama mdogo asiye na mkia, panya si panya, sungura si sungura. Akisikia tu nyayo zako mlangoni, anapiga mluzi. Nikitoka shule nilimletea majani, na yule mama alinimegea sukari guru. Kiangazi kimoja akapanda treni kwenda harusini Tabora, akaniachia simbilisi wake ndani ya sanduku la chai.

"Maji kila siku, mwanangu," alisema. "Kila siku."

Nilimsikia vizuri. Lakini mimi mtoto wa Kigogo, niliyekulia zizini, nifundishwe mifugo na mtu wa dukani? Kwetu, visima vya mtoni vikishuka, ng'ombe walikunywa leo, kesho wakashinda na kiu, keshokutwa wakanywa tena. Babu alisema anayenyweshwa kila siku anadekezwa. Basi nikamwekea simbilisi zamu ya ng'ombe, nikamlisha mabua makavu ya mtama. Siku za kwanza alipiga mluzi mpaka bibi yangu akacheka. Kisha akanyamaza. Nikajisifu: ameshakomaa huyu!

Siku ya nane nilimkuta amelala ubavu, mdomo umegusa kigae chake cha maji, kikavu. Nikammiminia maji, mengi, yakamtiririka shingoni tu.

"Uliambiwaje?" bibi akauliza.

"Niliambiwa leo anywe, kesho asinywe."

Lo, ulimi wangu! Bibi hakuwa mtu wa kumeza neno. Yule mama aliporudi, bibi alinishika mkono mpaka dukani, akamwambia wazi kwamba mtoto hana kosa, alifuata alivyoagizwa. Yule mama alinitazama. Jamani, alinitazama! Nikaangalia vidole vya miguu yangu. Mwishowe akasema polepole, "Ndiyo, mama. Kosa ni langu." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Siku hizi Mkonze imejaa nyumba za bati, zizi la babu halipo, na pale dukani wanauza simu. Ile familia ilihama zamani. Nimeuliza wazee wa mtaa, hakuna ajuaye ilikokwenda. Ningempata yule mama leo ningempigia magoti, na uzee wangu huu. Siku ile sikusema hata samahani. Alinimegea sukari guru kama kawaida yake, nikaipokea kwa mikono miwili, nikaila mbele yake. Na ilikuwa tamu.