Sugu ya Mkononi mwa Baba

Ijumaa iliyopita nilipanda ngazi hadi ghorofa ya nne, Kariakoo, kwenda kumwona mtoto mchanga. Zamani palikuwa na nyumba yetu pale. Baba alimwachia mjenzi kiwanja, akalipwa fleti moja juu. Chini kote sasa ni maduka ya simu na mabegi. Mtoto ni wa mdogo wangu wa baba mmoja, aliyezaliwa na mke wa pili wa baba, ambaye namwita mama mdogo.

Nilimkuta mama mdogo ameufunua mkono wa mtoto. Pembeni ya kidole cha mwisho kilining'inia kingine, kidogo kama punje ya mchele, na kucha yake. Alikuwa anamuuliza mkwewe kwa ile sauti ya adabu inayochoma: "Mwanangu, kwenu hivi vipo? Maana kwetu hakuna."

Binti wa watu alikuwa anatazama godoro. Baba, mzee sasa, alikaa kwenye kochi kando ya kitanda, na mkongojo wake.

Wewe unanijua, mimi si mtu wa hasira. Nimefundisha biolojia miaka mingi, na mwanafunzi akikosea huwa namwambia tuanze tena taratibu. Lakini maneno yale, "kwetu hakuna," niliwahi kuyasikia mahali pale pale, ghorofa nne chini ya miguu yetu, kwenye ua uliokuwa unanuka moshi wa mkaa na tui la nazi.

Mama yangu alikuwa anashonea kwenye ua huo. Mwenye duka alimletea majora ya kanga, naye akizikata doti na kupinda kingo. Kazi yangu ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano, kwa kuwa macho yangu yalikuwa makali, na kuokota vipande vya uzi visije vikaingia kwenye mchuzi. Cherehani ilikuwa inaimba tangu asubuhi, na nyuma ya ukuta makuli wa sokoni wakipigiana kelele wakishusha kabichi. Bibi, mama yake baba, alikaa kwenye mbuzi akikuna nazi. Pembeni ya kidole chake cha mwisho kulikuwa na kinundu kigumu, na mimi nilipenda kukigusa.

"Hii sugu ya mbuzi," aliniambia. "Nazi nilizozikuna kumlisha baba yako, wewe acha tu."

Baba naye alikuwa na kinundu kama hicho, mahali hapo hapo. Sikujiuliza amekipataje, maana sijawahi kumwona akikaa kwenye mbuzi hata kwa utani. Alikuwa kuli bandarini. Akirudi, alitaka chakula kiwe mezani.

Kisha mdogo wangu akazaliwa, mtoto wa mama, ana vidole sita. Bibi alikata uzi mweupe kwenye cherehani ya mama, akakifunga kile kidole kwenye shina ili kikauke na kuanguka kama kitovu. Alikifunga haraka na vizuri, kama mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Halafu akasema, akiwa amempa mama mgongo: "Kwetu hakuna."

Mtaani kwetu alikuwa anapita muuza maji wa mkokoteni ambaye kidole chake cha sita hakikuwahi kufungwa. Yatosha kusema hivyo. Mpangaji mmoja, mama mwenye mdomo, alisema akijaza ndoo: "Jamani, kumbe maji ya madebe yana vidole ndani." Ua mzima ukacheka. Mama hakuinua kichwa. Nakumbuka mguu wake ukizidi kukanyaga pedali.

Baba hakuuliza kitu. Aliibeba cherehani mwenyewe hadi barabarani, mama akafuata na mtoto mgongoni, akaenda zake Buguruni kwa dada yake, kwenye chumba cha kupanga. Mimi nilibakizwa. Bibi alinishika mkono akanihesabu vidole mbele ya watu. "Huyu wetu," akasema. Mpaka leo nikikumbuka ule mkono wake juu ya wangu, nasikia joto la hasira shingoni.

Nilikuwa sekondari, bibi ameshafariki, mwalimu wa biolojia alipotuambia tutazame pembeni ya vidole vyetu vya mwisho. Akasema kidole cha sita kikifungwa uzi utotoni mara nyingi huacha kinundu kidogo, na watu hukiita sugu. Nilitoka darasani bila ruhusa.

Ngoja nikueleze kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu, si jambo gumu. Fikiria doti ya kanga, vipande viwili. Maelekezo ya mwili nayo huja kwa doti: kipande kimoja umepewa na baba, kimoja na mama, na si lazima vifanane. Nawe ukizaa, unatoa kipande kimoja tu, na huchagui. Ni kama kuingiza mkono kwenye gunia gizani. Baba alikuwa na kipande chenye kidole na kipande kisicho nacho. Mimi nilipewa kile kitupu. Mdogo wangu akapewa kingine, na kwa kidole hiki kipande kimoja kwa kawaida kinatosha, ingawa mara chache mtu hukibeba na kidole kisiote, kama baba wa mtoto huyu. Kufunga uzi hakubadilishi kitu. Ukichana pindo la kanga uliyovaa, jora lililoko dukani halijaguswa. Bibi alikifunga kidole cha baba, na cha kwake kilifungwa na mtu mwingine kabla yake. Kila mara familia ilidhani imekimaliza, kumbe imekificha tu, na kikirudi analaumiwa mwanamke aliyekuja kuolewa.

Siku ile niliyotoka darasani nilikwenda mbio Buguruni kumweleza mama. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipinda kanga. "Mwanangu," akasema, "mimi nihitaji sayansi ili nijue nililala na nani?" Akacheka kidogo. "Lakini siku baba yako akisema kwa mdomo wake, njoo uniambie."

Sikuwahi kumkabili baba. Nilijiambia hakujua. Ndiyo imani ya mwalimu: watu hukosea kwa kutojua, waeleweshe, wataacha. Kwa imani hiyo nimempikia, nimempeleka hospitali, nimemwamkia kila sikukuu.

Basi Ijumaa hiyo nikauchukua mkono wa baba, nikauweka kitandani kando ya mkono wa mtoto. "Mama mdogo, hiki ni nini?"

"Sugu ya bandarini, hujui?"

"Baba alibeba magunia kwa mabega. Gunia gani linaota sugu hapo?"

Niliwaeleza, doti na yote, na sauti yangu haikuwa ya darasani. Yule binti akainua macho kwa mara ya kwanza.

Baba akauvuta mkono wake taratibu. "Mama alikifunga," akasema. "Aliniambia nilipooa. Kwamba akija mtoto mwenye nacho, nisishtuke."

"Ulipomwoa nani, baba?"

"Mama yako."

"Kwa hiyo ulijua."

"Watu walikuwa wanacheka," akasema.

Nilimwachia mzazi pilipili manga za uji na doti niliyomletea. Nikamwambia, "Wifi, mpeleke mtoto hospitali kidole kikatwe au kiache, ni uamuzi wako. Ila akikuuliza mtu kimetoka wapi, mwonyeshe kochi." Akanishika kiganja, akakibana.

Nilishuka. Palipokuwa ua wetu pana mlango wa chuma na kijana anayebandika vioo vya simu. Hakuna mbuzi, hakuna harufu ya tui, na yule muuza maji, ambaye baada ya uzushi ule hakupita tena mtaa wetu, sijui hata alizikwa wapi. Watu waliocheka wametawanyika, kila mmoja na usingizi wake mzuri. Cherehani ya mama nimeirithi mimi; haina mkanda.

Mama alisema siku baba akisema, niende nikamwambie. Amesema. Nilisimama pale barabarani, uso umeelekea Buguruni, na hakuna mtu wa kumwendea.